Mashine ya Kuvuna na Maisha ya Shina la Muwa

Huko Bombo, kwenye Milima ya Pare upande wa Same, mwenye miwa hakati shamba zima kwa siku moja. Hushuka bondeni au hufuata mfereji, hutazama muwa uliokomaa, huukata kwa panga karibu kabisa na udongo, na ule mchanga huuacha uendelee kunywa maji. Shina moja humlisha hivyo kwa miaka. Ukishuka mlima na kuelekea kaskazini-magharibi hadi Arusha Chini, kusini mwa Moshi, unakuta muwa wa namna nyingine: mashamba ya kampuni ya sukari ya TPC, maelfu ya hekta kwenye uwanda ulio bapa, na kiwanda ambacho kikishawashwa kinataka miwa usiku na mchana mpaka msimu ufungwe. Mashine ya kuvunia, ile wengi wanayoiita havesta, ilibuniwa kwa mashamba ya namna hii ya pili. Sasa inamsogelea hata mkulima mdogo, hasa kila vibarua wa kukata wanapoadimika.

Je, inaongeza mavuno au inayapunguza? Anayetafuta jibu katika msimu mmoja hatalipata. Mwaka wa kwanza mashine karibu daima huonekana nzuri: shamba limekwisha mapema, miwa imefika kiwandani, fedha zimeingia. Hesabu ya kweli inaanza mwaka wa tatu na wa nne, kwenye maotea, yaani miwa inayochipua tena kwenye shina lililokatwa, na wakati huo aliyelipwa kwa kuvuna hayupo tena shambani. Muwa si mahindi. Hupandwa mara moja, hukatwa, huchipua, hukatwa tena, mara tano, sita au zaidi kama shamba linatunzwa vizuri. Kupanda ndiyo gharama kubwa: kulima, kuchora matuta, na tani nane hadi kumi za mbegu kwa hekta. Kila mwaka unaoongezeka kwenye uhai wa shina unagawa gharama hiyo, na kila mwaka unaopotea unairudisha mezani mapema. Kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni tani zote ambazo shina limetoa tangu kupandwa hadi kung'olewa.

Kuna mambo yanayotokea pale mashine inapopita ambayo ni lazima yatazamwe kwa karibu. Chini mbele ya havesta kuna sahani mbili zinazozunguka, zimefungwa visu. Visu vikiwa vikali na sahani zikiwa kwenye kimo sahihi, muwa hukatika usawa wa ardhi na kidonda huwa laini. Visu vikibutuka, muwa haukatwi bali hupigwa mpaka upasuke, na mpasuko huo hushuka chini ya udongo hadi kwenye vichipukizi vya msimu ujao. Maji na fangasi huingia hapo. Shina ambalo mizizi yake imeliwa na funza weupe, wadudu ambao Arusha Chini wanajulikana tangu enzi za mkoloni, haliwezi kuhimili pigo hilo. Hung'oka lote na kuacha pengo kwenye tuta. Pengo halichipui. Mapengo ya mwaka huu yatabaki mwaka ujao, na magugu ndiyo yatakayoyajaza.

Kimo nacho kina hesabu yake. Dereva anayeogopa mawe na udongo kuingia kwenye mashine hupandisha sahani. Tuseme muwa wa kusaga una urefu wa mita mbili na nusu na umekatwa sentimita 10 juu ya pale ulipopaswa kukatwa. Hiyo ni asilimia nne ya urefu, yaani karibu tani nne kwenye hekta inayotoa tani 100. Tena kipande kilichobaki ni kile cha chini kabisa, kinene na kitamu kuliko vyote. Mkataji hodari wa panga huinama mpaka chini kwa sababu anajua sukari inakaa huko. Mashine haiinami yenyewe. Inainamishwa na dereva aliyefundishwa, kwenye shamba lililosawazishwa na kuondolewa mawe.

Baada ya visu inakuja feni. Havesta hukatakata muwa vipande vifupi na kupuliza majani nje kwa upepo mkali. Feni ikizidishwa nguvu ili mzigo uwe safi, vipande vya miwa navyo huruka pamoja na majani na kusagika hewani, na kwa kuwa vimekuwa vumbi na unyevu hakuna anayeviona chini. Hasara ya namna hii inaweza kufika asilimia 10 na kuipita. Feni ikipunguzwa, kiwanda hulalamika kwamba kinaletewa majani. Dereva anaishi kati ya malalamiko hayo mawili, na mara nyingi humsikiliza yule mwenye mizani.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, tatizo kubwa kuliko visu na feni ni magurudumu. Havesta ina uzito wa tani 15 hadi 20. Pembeni yake hutembea trekta na trela ambayo ikijaa huweza kuizidi mashine yenyewe. Kwenye matuta yaliyoachana mita moja na nusu, hekta moja ina karibu mita 6,700 za tuta, na ikiwa mavuno ni tani 100, kila mita ya tuta ina kilo 15 za miwa. Havesta inavuna tuta moja kwa wakati. Ina maana kwamba ili kumaliza hekta moja, mashine hutembea karibu kilometa saba ndani ya shamba, na trekta la kubebea hutembea sambamba nayo kilometa hizo hizo. Trela ya tani 10 hujaa baada ya kama mita 670 tu, kisha hutoka na nyingine huingia. Mwisho wa siku hakuna nafasi kati ya matuta ambayo haijakanyagwa.

Ubaya unazidi pale vipimo visipolingana. Magurudumu ya havesta na ya trekta nyingi za kubebea yameachana mita 1.8 au zaidi kidogo, ilhali matuta yameachana mita 1.5. Gurudumu halipiti katikati ya njia, linapanda begani mwa tuta, juu ya mizizi. Udongo hushindiliwa, hewa hutoka, maji hayaingii, mizizi mipya hukuta ukuta. Uzito wa namna hii haushindilii juu tu. Hufika zaidi ya sentimita 40 chini, ambako jembe la kawaida haligusi, na huko udongo ukishagandamana hukaa hivyo miaka. Kwenye ardhi ya Arusha Chini, ambako mvua ni haba, kilimo kinategemea umwagiliaji na chumvi ni adui wa siku nyingi, udongo ulioshindiliwa una hatari ya pili: maji ya kuisukuma chumvi chini hayashuki tena, na chumvi hubaki pale pale kwenye mizizi.

Lazima haki itendeke hapa. Shamba linalovunwa kwa mkono halijaepuka magurudumu. Katika viwanda vingi vya Afrika Mashariki miwa hukatwa kwa panga lakini hunyanyuliwa kwa mashine ya mkono wa chuma na kubebwa kwa trela zinazoingia mpaka katikati ya shamba, na zile mashine za kunyanyulia huzungukazunguka ovyo kuliko havesta, kwa sababu hazifuati tuta lolote. Anayesema panga halidhuru udongo anatazama mkono wa mkataji na kusahau kinachokuja nyuma yake. Ndiyo maana nasema ubishi wa panga dhidi ya mashine umepotosha watu. Kinachoamua ni uzito gani unaingia shambani, unapita wapi, na udongo ukiwa na unyevu kiasi gani.

Unyevu ndio unaoongeza madhara mara nyingi zaidi. Trekta ile ile ambayo wakati wa kiangazi huacha alama ya gurudumu tu, baada ya mvua huchimba mtaro na kukata mashina. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilionyesha jinsi jambo hili lilivyo zito kwa nchi nzima: uvunaji ulikwama, viwanda vikasaga chini ya uwezo, sukari ikaadimika madukani mwanzoni mwa 2024 na Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Msimu wa namna hiyo humweka meneja wa shamba njia panda. Akiingiza mashine kwenye tope, atapata sukari ya leo kwa kuua maotea ya kesho. Akisubiri, kiwanda kitalala na walaji watalia. Mkulima mwenye ekari tatu hana hata hiyo nafasi ya kuchagua, kwa kuwa ratiba si yake.

Upande wa pili wa mizani nao una uzito, na wanaoipinga mashine huupita haraka mno. Kwa desturi miwa huchomwa kabla ya kukatwa kwa panga, maana majani yake hukata ngozi, nyoka hujificha humo, na mkataji kwenye miwa mibichi huvuna kiasi kidogo sana ukilinganisha na iliyochomwa. Havesta haihitaji moto. Inaacha shambani tani 10 hadi 15 za majani makavu kwa hekta, blanketi linalozuia magugu, linalotunza unyevu na kurudisha rutuba. Mahali pakavu kama uwanda wa chini ya Kilimanjaro, blanketi hilo ni maji. Hasara yake ipo: kwenye umwagiliaji wa mifereji majani huziba njia ya maji, na kwenye ardhi inayotuamisha maji huifanya ibaki baridi na chepechepe, maotea yakachelewa. Brazil walipoacha moto, mdudu mmoja anayenyonya mizizi aliongezeka chini ya majani. Hata hivyo, kama ningelazimika kutaja sababu moja ya kuitaka mashine Tanzania, ningetaja majani haya kabla ya kutaja kasi yake.

Kasi nayo si ndogo. Mkataji mmoja wa miwa iliyochomwa hupata tani nne hadi sita kwa siku. Havesta moja inayokwenda vizuri hukata tani 40 kwa saa, hivyo kwa siku hufanya kazi ya makumi ya wakataji. Kasi hii inagusa mavuno kwa njia isiyoonekana mara moja, kwa sababu muwa uliopitiliza kukomaa hupoteza uzito na utamu ukiwa umesimama. Bonde la Kilombero limeshuhudia hilo: wakulima wa nje, yaani wale wanaokiuzia kiwanda miwa ya mashamba yao wenyewe, wamewahi kufungiwa msimu miwa yao ikiwa bado shambani, haijakatwa, na wengine kuipoteza kwa moto usio na mwenyewe. Upanuzi wa kiwanda cha Kilombero ulioanza mwaka 2021 ulilenga kufikisha tani 271,000 za sukari kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha awali, na sehemu kubwa ya miwa hiyo inatarajiwa kutoka kwa wakulima hao. Nani ataikata yote kwa panga, na kwa wakati? Mkulima ambaye miwa yake imebaki shambani misimu miwili mfululizo hatashawishika na hotuba juu ya kushindiliwa kwa udongo.

Lakini kasi ya shambani isiyolingana na ya barabarani na ya kiwandani hugeuka hasara. Muwa mzima uliokatwa kwa panga unaweza kungoja siku moja au mbili bila kuharibika sana. Vipande vya havesta vina vidonda pande zote mbili, na bakteria huingia hapo ndani ya saa chache. Baada ya saa 24 utamu umeshuka wazi, na ule ute unaotengenezwa na bakteria hao hukwamisha kazi kiwandani. Mashine basi inataka barabara zinazopitika, malori yanayorudi kwa wakati na foleni fupi kwenye mizani. Foleni ikikaa siku mbili, panga ni bora.

Jambo jingine ni ugonjwa wa kudumaa kwa maotea. Husababishwa na bakteria anayeishi ndani ya shina na kuhama kwa njia ya chuma kinachokata. Hauna dalili za kuonekana kwa macho. Shamba linakuwa fupi kidogo kila mwaka, na mwenyewe anadhani ni mbolea au mvua. Panga nalo huueneza. Tofauti ni kwamba visu vya havesta hugusa maelfu ya mashina kwa saa, kisha mashine hiyo hiyo hupakiwa na kupelekwa kwa jirani. Kusafisha visu kwa dawa kati ya shamba na shamba huchukua dakika, lakini ni dakika ambazo mkandarasi anayelipwa kwa tani hana sababu ya kuzitoa.

Waliotutangulia wamelipa ada ya somo hili. Australia ilikuwa imekwisha kuacha panga kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Mavuno yakaanza kudumaa licha ya aina mpya za miwa na mbolea, na mwaka 1993 wakaanzisha utafiti wa pamoja wa kutafuta chanzo. Walichogundua ni kwamba mashine peke yake haikuwa na hatia yote: ilikuwa mashine pamoja na kilimo cha muwa juu ya muwa bila kupumzisha ardhi, pamoja na kulima kupita kiasi ili kurekebisha kile magurudumu yalichoharibu. Dawa waliyopendekeza inaeleweka hata na mkulima asiye na trekta. Panua nafasi ya matuta ilingane na magurudumu, acha magurudumu yapite njia ile ile kila mwaka, bakiza majani, na kabla ya kupanda upya weka jamii ya kunde msimu mmoja.

Brazil ilikwenda mbio zaidi. Sheria ya jimbo la São Paulo ya mwaka 2002 iliweka ratiba ya kukomesha moto, kisha makubaliano ya 2007 kati ya serikali ya jimbo na wenye viwanda yakaisogeza karibu. Mashine ziliingia kwa maelfu kwenye mashamba ambayo matuta yake yalichorwa kwa ajili ya panga, zikiendeshwa na madereva waliofunzwa haraka. Kwenye ukanda mkuu wa miwa wa nchi hiyo, mavuno yaliyokuwa yamepita tani 80 kwa hekta yalianguka chini ya 70 kufikia 2011. Ukame ulikuwapo, baridi kali pia, na mashamba mengi yalizeeka kwa kukosa fedha za kupanda upya baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Mashine haikuleta yote hayo. Ila ilikuta mashina yamechoka, ikayamaliza.

Sheria ile ya São Paulo ina kipimo ambacho kinatuhusu moja kwa moja: ardhi inayoinuka zaidi ya mita 12 kwa kila mita 100 haikuhesabiwa kuwa ya mashine. Kwa kipimo hicho miteremko ya Bombo iko nje, na hakuna sera itakayoisawazisha. Pale chini Ndungu, kwenye uwanda wa skimu ya mpunga, mashine ingeweza kugeuka, juu haiwezi. Mauritius, wanakotoka baadhi ya wawekezaji walioingia TPC mwaka 2000, wameliona hili likitendeka kisiwa kizima. Waliondoa mawe mashambani, wakaunganisha vishamba vya wadogo ili mashine ipite, na ardhi isiyowezekana ikaachwa. Kwa sababu hiyo, na kwa kuanguka kwa bei ya sukari Ulaya, eneo la miwa lilishuka kutoka zaidi ya hekta 70,000 mwanzoni mwa karne hii hadi chini ya 45,000. Mashine basi huamua pia ni nani ataendelea kuwa mkulima wa miwa.

Hata kwenye tambarare, umbo la shamba linaweza kumwondoa mtu. Chukua ekari moja ya mraba, kila upande mita 64. Ili havesta na trela zigeuke, zinahitaji angalau mita sita kila mwisho wa tuta. Hizo ni mita 12 kati ya 64, karibu moja ya tano ya ekari, zisizopandwa kitu. Yanabaki matuta kama 42, kila moja likiwa na miwa isiyofika tani moja, na mashine inageuka kila baada ya hapo. Mwenye ekari hiyo ameshapoteza asilimia 19 ya mavuno kabla kisu hakijazunguka. Wakiungana majirani 20 na kuchora matuta yanayopita mipaka yao, hasara hiyo inakaribia kuisha. Kilombero kilimo cha vitalu vya pamoja kimejaribiwa, na ugumu wake haukuwa wa matuta tu: watu hutaka kujua muwa wa nani umepimwa, mpaka wa urithi uko wapi, na kiongozi wa kitalu atawajibika kwa nani.

Hapo ndipo nadhani tatizo lilipo hasa. Mwenye mashine hulipwa kwa tani aliyokata leo, kiwanda hupata miwa mingi kwa haraka, na udongo ulioshindiliwa pamoja na mashina yaliyong'oka hubaki kwa mkulima, ambaye mara nyingi hakuchagua siku, mashine wala dereva. Mikataba ya uvunaji inaweza kuandikwa tofauti. Iandike kimo cha kukata na adhabu ya kukikiuka. Iandike kwamba visu hubadilishwa na kutiwa dawa kabla ya kuingia shamba jipya, mbele ya mkulima. Impe mkulima au chama chake haki ya kusimamisha mashine udongo ukiwa umelowa, bila kupoteza nafasi yake kwenye ratiba ya kiwanda. Na sehemu ya malipo ya mkandarasi ishikiliwe hadi maotea yachipue, watu wapite kwenye matuta na kuhesabu mapengo, halafu alipwe kinachobaki.